Kamanda aliyerudisha sare: uchambuzi wa kisa cha komedi ya mtaani

Kisa hiki kinahusu komedi ya dakika 47 iliyotengenezwa na kikundi cha vijana katika mji mmoja wa pwani ya Tanzania. Nilikuwemo. Nilisimamia sauti na uhariri, na kosa kubwa kuliko yote lilitoka mezani kwangu. Majina ya watu, ya mtaa na ya kikundi nimeyaondoa, na vitu vichache ambavyo vingemtambulisha mtu nimevibadili. Nawaandikia wenzetu walioshika simu wakitaka kupiga filamu bila fedha, hasa wanaotaka kuchekesha.

Usuli

Tulikuwa 11. Hakuna hata mmoja aliyesomea filamu. Mwongozaji alikuwa fundi simu, mpigapicha alizoea harusi, mimi nahariri video za harusi hizohizo. Vifaa vyetu vilikuwa simu mbili nzuri, kamera ya kuazima kwa siku nne, maiki moja ya kubana kwenye kola na laptopu ambayo feni yake ilikuwa inalia. Kila mtu alitoa Sh 30,000, ikapatikana Sh 330,000. Mama wa mwenzetu mmoja akaongeza gunia dogo la mchele, na mchele huo ndio uliotufikisha siku ya mwisho.

Hadithi yenyewe ni hii. Kibanda umiza, yaani banda la mtaani la kuonyeshea filamu kwa kiingilio, kinakaribia kufungwa kwa sababu watazamaji wamehamia kwenye simu zao. Mwenye kibanda, kwa hofu, anatangaza kwa spika mtaa mzima kwamba Idi Pili ataonyesha filamu ya mapigano iliyopigwa hapohapo mtaani. Filamu hiyo haipo. Zimebaki siku tisa. Muuza maji, fundi cherehani, mama wa chapati na mvuvi mstaafu wanajikuta wanatengeneza filamu. Kwa hiyo tulikuwa na filamu mbili ndani ya moja: ya nje, ambayo ni yetu, na ya ndani, ambayo ni ya wahusika. Naomba msomaji aikumbuke tofauti hiyo, maana kisa chote kimejengwa juu yake.

Wazo hili lilikuwa na mizizi. Sinema za Kibongo zilianza kushamiri mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa kamera za video, zikauzwa kwa kanda na baadaye kwa VCD, na wengi waliozitengeneza walijifunzia kazini. Sisi tumekulia vibandani, tukimsikiliza Lufufu akizitafsiri filamu za nje na kuongeza ya kwake mpaka filamu inakuwa yetu. Halafu tuliwaona Wakaliwood, vijana wa Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, na filamu yao ya mwaka 2010, Who Killed Captain Alex?. Bunduki ni za kuchonga, lakini waigizaji wanapigana kwa moyo wote na hakuna anayejicheka. Mtazamaji anacheka kwa furaha ya kuona watu wamethubutu. Tulitaka furaha ile.

Maandalizi

Jambo la kwanza lililotaka kutukwaza lilikuwa kibali. Wengi kati yetu waliona ni filamu ya mtaani tu, nani atauliza. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa aliuliza siku ya kwanza tulipomwendea. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976 inataka kibali kabla ya kupiga filamu, na inataka filamu ikaguliwe kabla ya kuonyeshwa hadharani. Tuliomba, tukasubiri, ratiba ikasogea. Baadaye nitaeleza kwa nini kusubiri huko kulitufaa kuliko tulivyodhani.

La pili lilikuwa sare za polisi, kwa kuwa filamu ya ndani ilimhitaji kamanda na askari wanne. Sare za vyombo vya dola si nguo za kuazima, sheria inamkataza asiyehusika kuzivaa. Fundi cherehani wetu akapendekeza tushone za viroba vya unga. Zilitoka nzuri mno: kola imesimama, mifuko minne kifuani, na mgongoni maandishi ya KILO 50 yanasomeka kutoka mbali. Tulipozijaribu ndipo tukasikia tatizo lake. Kiroba kinakwaruza. Askari akiinua mkono tu, maiki ilikuwa inapokea mchakacho kama wa mtu anayekunja magazeti. Dawa ilikuwa kushona kanga ya zamani kwa ndani, kifuani na kwapani, na kuhamishia maiki kwenye ukosi wa fulana. Siku nzima ilitumika kwa kazi hiyo na siijutii.

Helikopta ndiyo iliyokuwa fahari ya wote. Muuza maji alitoa mkokoteni wake. Katikati tulisimamisha bomba, juu ya bomba tukafunga mapanga matatu ya feni ya dari iliyoungua, chini tukaunganisha mnyororo na pedeli za baiskeli mbovu. Mtoto wa miaka 14, mwepesi kuliko sote, alilala chali chini ya mkokoteni akizungusha pedeli kwa mikono. Mapanga yalizunguka polepole, kwa heshima fulani, kama feni ya msikitini umeme unapokuwa mdogo. Mlio wake ulitoka kwenye cherehani ya miguu. Niliiweka simu chini ya meza ya cherehani, nikaifunika kanga kuzuia mwangwi, fundi akakanyaga kwa nguvu dakika mbili, nami nikaipunguza mwendo rekodi hadi nusu. Sauti ilishuka ikawa nzito, yenye pigo. Watu waliosikia bila kuona picha walitazama juu.

Siku za kupiga picha

Tulipiga kwa siku tisa, sawa na wahusika wetu, na hilo halikupangwa.

Siku mbili za kwanza zilipotea kwa taa. Ndani ya kibanda, chini ya taa za mirija, picha zilikuwa na michirizi myeusi inayopanda ukutani. Simu zilikuwa zinapiga picha 30 kwa sekunde huku zikijichagulia zenyewe kasi ya kufunga, yaani muda ambao kila picha inapokea mwanga. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa zile humeta mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo mahesabu hayakukutana. Tuliweka programu ya kamera inayokuruhusu kupanga mwenyewe, tukachagua picha 25 kwa sekunde na kasi ya kufunga ya 1/50 ya sekunde. Michirizi ikaisha. Ungekuwa mchana nje usingeliona tatizo hili kabisa, ndiyo maana jaribio tulilofanya uani kabla ya siku ya kwanza halikutusaidia.

Kelele tulizipangia ratiba. Tuliandika saa za adhana, saa ambayo mashine ya kusaga huwashwa, na saa ambayo bodaboda hukusanyika kona ile kusubiri wanafunzi. Sini za maneno mengi tukazipeleka kati ya saa mbili na nusu na saa nne asubuhi. Mambo mengine yalikwenda kwa kubahatisha. Damu ya rozela na sukari, kwa mfano, ilivutia nzi mpaka majeruhi wetu akashindwa kukaa maiti.

Kila jioni picha zilinakiliwa kwenye diski mbili, zikalala nyumba mbili tofauti. Sharti hilo lilitoka kwa mwongozaji, naye alilitoa kwa Wakaliwood: nakala ya awali ya filamu yao ile haipo tena, iliyobaki duniani ina sauti ya msimuliaji juu yake. Sisi tulimaliza na saa 14 za picha, zaidi ya GB 100, na hatukupoteza hata kipande kimoja.

Mezani: midomo na maneno

Nilipoanza kuhariri niligundua sauti inakimbia picha. Mwanzoni mwa kipande kirefu kila kitu kimekaa sawa, ukifika dakika ya nane mtu anafunga mdomo na neno linafuata. Nilidhani ni rekoda. Kumbe simu nyingi haziweki idadi ya picha ile ile kila sekunde. Zikipata joto au mwanga ukipungua, zinapunguza, kisha zinaongeza. Programu ya kuhariri inahesabu kana kwamba idadi ni moja, na hapo ndipo mambo yanapoachana. Ilibidi kila kipande kibadilishwe kwanza kiwe na mwendo usiobadilika, kazi niliyoifanya kwa HandBrake, programu ya bure. Laptopu yetu ilihitaji usiku sita, na usiku miwili kati ya hiyo umeme ulikatika.

Nayaeleza haya kwa urefu kwa sababu ndiko nilikochokea. Nilipomaliza kulinganisha midomo nilikuwa na hasira na picha zenyewe, nikawa natafuta kicheko cha haraka. Kilikuwepo tayari.

Kamanda wa polisi wa filamu ya ndani aliigizwa na mzee mmoja wa mtaa, nahodha mstaafu wa mashua, mwenye umri wa zaidi ya miaka 70. Maneno yake yalikuwa: "Nawapa dakika tano mjisalimishe, la sivyo tunaingia ndani." Alikuwa akifika "la sivyo" anakwama, anageuka pembeni na kuuliza kwa sauti ndogo, "Nisemeje?" Ilitokea mara nyingi. Nilichukua nne, nikazipanga mfululizo, ya mwisho nikaipunguza mwendo, nikaitia mlio wa katuni. Mwongozaji alipoiona alicheka mpaka akakaa chini. Tukaiacha.

Onyesho la majaribio

Kabla ya kupeleka filamu ikaguliwe tuliwaita walioshiriki na familia zao, watu kama 60. Tukatandika shuka jeupe ukutani, tukaazima projekta. Helikopta ilipigiwa makofi. Mama wa chapati alipomtandika jambazi kwa kifimbo cha kusukumia, watu walisimama.

Ilipofika sini ya kamanda, kicheko kilikuwa kikubwa kuliko vyote vya usiku ule. Mimi nilikuwa nyuma, karibu na projekta, na kwa mwanga wake nilimwona mzee. Mara ya kwanza alitabasamu. Mara ya pili aliangalia magoti yake. Mara ya tatu alichukua kofia yake, akaivaa, akapita pembeni taratibu asimzibe mtu, akatoka.

Asubuhi nilimkuta barazani kwetu. Sare ya viroba ilikuwa mapajani mwake, imefuliwa, imekunjwa vizuri, kanga ya ndani imetazama juu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimeleta nguo yenu."

Nikamwambia sare ni yake, tumempa. Akaiweka juu ya kibaraza.

"Nilidhani tunacheza sote," akasema. "Kumbe nachezewa."

Hakusema zaidi. Alikataa chai.

Uamuzi na sababu zake

Kikao cha jioni ile kilikuwa kirefu na kichungu. Waliotaka kipande kibaki walikuwa na hoja: kimechekesha kuliko chochote, hakuna tusi ndani yake, mzee alijua anapigwa picha, na komedi bila makosa ni nini? Hoja ya mwisho ilinisumbua, kwa kuwa filamu yetu yote ilikuwa ya kusherehekea watu wanaokosea kwa kutojua. Tukiondoa makosa tunabaki na nini?

Nilirudi mezani nikapitia kila mahali watu walipocheka, nikajiuliza swali moja kwa kila kipande: aliyekosea hapa ni mhusika au ni mwigizaji? Helikopta ikikwama hewani na mtoto akatoa kichwa chini ya mkokoteni, aliyekosea ni mhusika. Mtoto alijua, alilirudia mara tano mpaka likakaa. Mama wa chapati akiitazama kamera na kuisalimia, ni mhusika. Yeye mwenyewe ndiye aliyelitunga. Mzee akiuliza "Nisemeje?" alikuwa anatuuliza sisi. Alituamini kwamba tutamsaidia, nasi tukaichukua ile imani tukaitia mlio wa katuni. Kipande hicho hakikuwa cha filamu ya ndani wala ya nje. Kilikuwa cha mezani kwangu tu.

Nilipowaonyesha hivyo, wawili zaidi walikubali. Mwongozaji hakukubali moja kwa moja. Alikubali kwa sababu filamu haikuwa imepelekwa kukaguliwa bado, tulikuwa na muda. Kama tusingesubiri kibali mwanzoni, tungekuwa tumeshaionyesha hadharani, na kikao hicho kisingekuwa na maana yoyote.

Tulikwenda watatu kumwomba radhi mzee, tukiwa na mtu mzima mmoja wa mtaa kama inavyopasa. Alitusikiliza. Kisha akaomba tumsomee ile sini yote tangu mwanzo, jambo ambalo hatukuwa tumewahi kulifanya. Siku ile tulimpa karatasi tu. Tulipomaliza akasema maneno ya karatasi hayamkai, lakini chomboni hajawahi kusahau neno hata moja, iwe usiku, iwe tufani.

Sini mpya ilizaliwa hapo. Kamanda hatoi amri za polisi, anazoamrisha ni za mashua. Mzee alisimama juu ya ngazi ya kibanda na kipaza sauti cha bati, sare yake ya KILO 50 imefungwa vifungo vyote, akanguruma: "Pandisha tanga! Legeza demani! Shikilia usukani!" Askari wetu wa mtaani, wasiojua demani ni kamba ya tanga, wakahangaika. Mmoja alipanda ukuta, mmoja alilegeza mkanda wa suruali, mmoja alishika usukani wa bajaji iliyoegeshwa na kusimama imara. Majambazi ndani walitoka mikono juu kwa kuamini wamezingirwa na jeshi la maji. Tulipiga mara mbili tu, na mara ya pili ilikuwa kwa sababu ya bodaboda.

Matokeo

Filamu ilikaguliwa, ikaruhusiwa, ikaonyeshwa kibandani jioni tatu kwa kiingilio cha Sh 1,000. Waliolipa walikuwa 214. Mwenye kibanda alichukua Sh 64,000, tukabaki na Sh 150,000. Gharama zote, pamoja na siku ya nyongeza, zilikuwa Sh 412,000. Kwa upande wa fedha tulipata hasara na hatujairudisha.

Sini ya kamanda ilichekesha tena, kwa namna nyingine. Usiku wa majaribio kicheko kilikuwa kimelipuka na kuzima. Safari hii kilianza alipopanda ngazi, kikaongezeka kila amri, na wazee waliozijua amri zile walianza kuzijibu kutoka kwenye mabenchi. Mzee alikaa mbele na mkewe jioni zote tatu.

Tulipoiweka mtandaoni ilizuiwa siku hiyohiyo, kwa sababu sini ya harusi ilikuwa na wimbo wa msanii mkubwa ambao hatukuuombea ruhusa. Kosa letu. Akina mama wa kikundi cha ngoma wa mtaa huohuo waliimba wa kwao, nikabadilisha, ikapita.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi ni kuipa filamu ya nje uangalifu ambao filamu ya ndani haikuwa nao. Helikopta ya mkokoteni inachekesha pale tu ambapo picha haina michirizi na neno linatoka mdomoni kwa wakati wake. Picha ikiwa mbovu, mtazamaji hajui acheke nini, anaona ubovu mmoja mkubwa. Wengi wanaoanza komedi za aina hii hudhani kwamba kwa kuwa hadithi ni ya watu wasiojua, na utengenezaji unaruhusiwa kulegea. Naona kinyume chake, na ningetaka vijana walisikie hili kabla hawajanunua chochote: mkiwa na Sh 50,000, nunueni maiki.

Kilichoshindikana kilianza kabla ya uhariri. Mzee alipewa karatasi bila kusomewa wala kuulizwa anajua nini. Fundi cherehani tulimuuliza, akatupa sare na mlio. Muuza maji tulimuuliza, akatupa helikopta. Mama wa chapati alijitungia kichekesho chake. Mtu pekee ambaye hatukumuuliza ndiye tuliyemdhalilisha, nami siamini kama hilo lilitokea kwa bahati mbaya. Uhariri wangu ulikamilisha tu jambo lililoanza siku tulipomwona kama sura nzuri ya kamanda, tukasahau kwamba ana miaka 40 ya bahari.

Lingine ni makubaliano. Hatukuandika mahali popote nani ana fungu gani. Fedha zilipokuwa kidogo ugomvi ulikuwa mdogo, lakini ulikuwepo, na wawili hawapo kikundini leo. Karatasi moja yenye sahihi ingetosha.

Limebaki moja ambalo hatuna dawa yake. Nakala ya kwanza tuliifuta kwenye diski zote mbili na kwenye laptopu. Lakini usiku ule wa majaribio mtu mmoja kati ya wale 60 alirekodi shuka kwa simu yake, na kipande cha sini ya zamani, kama dakika moja na nusu, kikaingia kwenye magrupu ya WhatsApp ya mtaa. Mlio wa katuni unasikika vizuri. Tulikwenda kumweleza mzee wenyewe kabla hajaonyeshwa na mtu mwingine. Alituuliza kama kinaweza kufutwa. Tulimjibu hapana.